Tundu Kwenye Barua ya Mwalimu Leela

Kila Jumanne na Ijumaa, Mzee Damiani, tarishi wa shule ya sekondari, aliendesha baiskeli kutoka Kinampanda hadi posta ya Kiomboi kuchukua barua. Akirudi, alimkabidhi binti yake Dina barua za walimu ili azipeleke nyumba kwa nyumba. Dina alikuwa darasa la sita. Kazi hiyo aliipenda kuliko kuteka maji, maana ndoo ya maji haina stempu.

Naam, Dina alikusanya stempu. Alizibandika kwenye daftari kwa uji mzito wa muhogo, na alikuwa nazo thelathini na tisa. Kefa, mwanafunzi mwenzake, alikuwa nazo arobaini, wala hakuchoka kumkumbusha.

Stempu nzuri zilitoka kwa Mwalimu Solveig, mama wa Kinorwe aliyefundisha hisabati pale kwa miaka kumi na miwili. Kila mwezi alipata barua kutoka kwa Mwalimu Leela, Mhindi aliyekaa naye nyumba moja zamani, kisha akahamia kufundisha Botswana. Mwalimu Solveig akishasoma barua, alimpa Dina bahasha tupu.

"Mwalimu, miaka tisa hamjaonana, na bado mnaandikiana?" Dina alimwuliza siku moja.

"Bado."

"Sasa huwa mnaandikiana nini?"

Mwalimu alicheka. "Mambo ya kawaida tu."

Jibu hilo halikumtosha Dina. Yeye na rafiki yake Loyce walinuniana kila wiki, na nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Hawa wawili, mmoja wa nchi ya baridi na mwingine wa India, walikuwa na siri gani?

Ijumaa moja ya Oktoba 1993, barua ya Mwalimu Leela ilikuja bila bahasha. Ilikuwa karatasi moja ya samawati, imekunjwa na kugundishwa pembeni, na stempu yake ya pundamilia ilikuwa imechapwa juu ya karatasi yenyewe. Dina aliigeuzageuza njiani. Bila bahasha, Mwalimu angeitunza yote, na Kefa angeendelea kutamba! Akapita nyumbani, akachukua wembe wa baba yake, akamkata yule pundamilia polepole, tabaka la juu tu. Nyuma aliona wino, lakini macho yake yote yalikuwa kwa pundamilia. Alijiambia kwamba kitu anachopewa kila mwezi si vibaya kukichukua mwenyewe mara moja. Wezi wengi huanza na hesabu hiyohiyo. Akambandika pundamilia daftarini, kisha akaisukuma barua chini ya mlango wa Mwalimu Solveig.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Solveig alifika kwao, barua mkononi, macho mekundu. Dina alimwamkia, naye, kwa mara ya kwanza, hakuitikia marahaba.

"Mzee Damiani, barua hii ulipoipokea ilikuwa na tundu?"

"Hapana, Mwalimu. Mimi niliileta nzima."

"Leela amestaafu, anarudi kwao India. Kabla ya kuondoka anapita hapa nchini, anakwenda Tabora kuwaaga jamaa. Treni itasimama Manyoni, anataka tuonane hapo. Siku yenyewe ilikuwa kwenye hili tundu." Mwalimu aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Barua imekaa njiani wiki tatu. Huenda ameshapita. Akifika India, sidhani kama tutaonana tena."

Mzee Damiani alivua kofia. "Mkuu wa shule atasema ninafungua barua za watu," alisema kwa sauti ndogo. Mwaka ule wafanyakazi walikuwa wakipunguzwa kila mahali, na kisingizio kidogo kilitosha.

Dina alikuwa akipepeta mtama. Angeweza kunyamaza, lawama zikaenda kwa panya. Lakini alimwona Mwalimu akipitisha kidole kwenye tundu, taratibu, mara ya pili na ya tatu. Dina aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Aliingia ndani, akatoka na daftari, akapiga magoti.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilikata stempu."

"Wewe!" baba yake alifoka.

"Ngoja, Mzee Damiani," alisema Mwalimu. "Dina, iko wapi?"

Uji ulikuwa umeshika barabara. Kuibandua kwa nguvu kungeichana, na maji yangeweza kufuta wino.

"Jaribu," Mwalimu alisema. "Mkono wako umezoea."

Dina alilowesha ukurasa kwa maji ya uvuguvugu, akangoja, akalowesha tena, akainua ncha kwa unyoya wa kuku. Pundamilia alichanika katikati, wala Dina hakumtazama. Wote watatu waliinamia mwandiko uliofifia. Saa haikusomeka, lakini siku ilisomeka: Jumatatu, tarehe 18 Oktoba.

"Keshokutwa!" Mwalimu aliruka. "Mzee Damiani, niruhusu niende naye. Shuleni kwake nitamwombea ruhusa. Kila siku ananiuliza tunaandikiana nini."

"Mchukue," baba alisema. "Adhabu yake itamngoja hapa."

Jumapili walipanda basi, wakalala Manyoni. Jumatatu walikuwa stesheni tangu asubuhi, maana saa hawakuijua. Treni ilifika saa nane mchana. Mama mfupi mwenye mvi, aliyevaa sari na sweta, aliteremka. Dina alitega masikio asikie Kinorwe, au Kihindi, au Kiingereza cha kasi.

"We Solveig! Mbona umekonda hivyo, huli?"

"Nakula, dada! Wewe ndiye umenenepa!"

Walikumbatiana, wakalia, wakacheka. Kiswahili kitupu, tena cha kwao Dina, cha Singida! Waliongea habari za magoti yanayouma, paa linalovuja, na mtoto wa Anastazia muuza maandazi aliyeolewa.

Dina alishindwa kujizuia. "Ni haya tu mnayoandikiana?"

"Haya tu, mwanangu," alijibu Mwalimu Leela. "Tulipokutana, kila mmoja alikuwa mgeni. Kiswahili tulijifunza pamoja, tukakosea pamoja. Sabuni ilikuwa ya foleni, kipande kimoja tulikikata kwa uzi tukagawana. Nilipougua malaria, huyu aliniogesha kwa kipande chake. Ukingoja jambo kubwa ndipo uandike, utanyamaza mpaka usahaulike."

Nusu saa ilikwisha upesi. Treni ilipoondoka, Mwalimu Solveig alisimama akipunga mkono hata baada ya behewa la mwisho kupotea, machozi yakimtiririka bila kuyaficha.

"Nisamehe, Mwalimu," Dina alisema.

"Nilishakusamehe. Lakini sikiliza. Barua ni ya yule ambaye jina lake limeandikwa juu yake, mpaka pembe zake zote. Kuikata lilikuwa kosa, usilirudie. Kunyamaza ndiko kungekuwa kosa kubwa zaidi. Ungenyamaza siku mbili tu, Leela angechungulia dirishani leo asione mtu, akaenda kwao akidhani sikutaka kuja."