Salim Ndiye Aliyeshika Simu

Ndugu zangu wasomaji, mimi ni mjane wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Bondeni, Mombasa. Nina wana watatu wasio na baba, na hasira ambayo hainitoki. Wallahi leo nitasema yote!

Nilikuwa karani katika kampuni ya kusafirisha kahawa. Godauni lilikuwa hapa kisiwani, ila tajiri wetu alikaa Ulaya. Hatukuwahi kumtia machoni. Amri zake zilikuja kwa simu na faksi, na aliyezipokea ni meneja wetu Salim, mtoto wa mama yangu mdogo. Kiingereza chake kilikuwa cha kusikilizwa, na mwenyewe alijijua!

Mume wangu Bakari alikuwa serahangi, msimamizi wa makuli Waislamu. Makuli Wakristo, wengi wao watu wa Kaloleni na wa bara, walisimamiwa na Kazungu. Bakari na Kazungu... niseme nini? Walikuwa kama waliozaliwa pamoja. Tena walikuwa na mapatano yao ya mdomo: Ramadhani, wanaofunga wabebe magunia tangu alfajiri hadi adhuhuri, kisha watu wa Kazungu waingie hadi jioni. Krismasi na Pasaka, watu wa Bakari huwashikia wenzao zamu. Kazi haikulala, na hapana aliyenung'unika.

Tajiri angeyajuaje haya? Ramadhani moja alipiga simu alasiri, akaambiwa nusu ya makuli wamekwenda zao. Akafoka! Salim angemweleza kwa maneno machache tu. Lakini aliogopa kuonekana hajui kutawala watu. Akajibu ndiyo bwana, hawa ni wavivu, nitawanyoosha. Haya alikuja kuyakiri baadaye, damu ishamwagika.

Ikaja amri: wote wabebe mpaka jioni, na kundi litakalobeba kidogo lifukuzwe.

Salim hakutaka lawama. Akaja kwetu wakati wa kufuturu, akala kaimati zangu, akamwambia mume wangu kwamba Kazungu ndiye aliyemshitaki kwa tajiri. Bakari hakulala usiku ule. Mimi pia niliamini... nani humshuku mtoto wa mama mdogo?

Kesho yake, loo! Joto, vumbi la magunia, koo zimekauka. Mzee mmoja wa kundi la Bakari akaanguka, gunia likamlalia kifuani. Watu wa Kazungu wakampita mbio wakiwahi kontena. Mzee akitapika damu, wao wanampita!

"Kazungu! Umekuja kutuua?" Bakari alipiga ukelele.

"Muuaji ni wewe, uliyetaka wanangu wafe njaa!"

Hapo wakavaana. Makuli wakachomoa kulabu zao za kubebea magunia. Nilisikia mifupa ikivunjika. Mtu akachanwa shavu mpaka meno yakaonekana. Nikakimbia katikati nikimwita mume wangu, nikapigwa ubao mgongoni, nikaanguka. Nilipoinua kichwa, kulabu ya Kazungu ilikuwa imezama shingoni mwa Bakari wangu...

Kazungu aliitupa kulabu akampakata, akiziba lile tundu kwa kiganja, akilia kwa sauti. Damu ilimpita vidoleni. Ofisini simu ikawa yalia. Salim alikuwa amejificha chini ya meza, hakuigusa.

Bakari alikata roho njiani kwenda hospitali. Kazungu aliletwa pale kushonwa mkono, pingu mkononi, askari kando yake.

"Shemeji," aliniambia, "Salim alitwambia Bakari amemwomba tajiri atufukuze sisi sote, aajiri jamaa zake."

Nikamwambia: "Sisi alitwambia ni wewe."

Tulitazamana. Ya Rabbi, sitausahau uso ule!

Nilirudi ofisini na nguo zangu zilizoganda damu. Nilimrukia Salim, nikampiga kwa ile simu yake usoni, nikampiga tena, mpaka pua ikapasuka. Alikiri yote akilia. Eti angemwambia nini tajiri? Eti angeonekana hafai! Watu waliniondoa kwa nguvu.

Baada ya maziko tajiri alipiga simu, nikaipokea mimi. Alitoa pole, kisha akauliza marehemu alikuwa nani. Bakari alimpakilia kahawa yake tangu kampuni ifunguliwe!

Nyinyi mnaotawala watu wa dini na makabila mbalimbali mkiwa mbali, nawasihi: msitosheke na sauti moja. Mwiteni kuli mwenyewe kwenye simu, mumuulize kwa nini wanafanya hivyo wanavyofanya. Na wewe uliyewekwa katikati, sema unachokijua hata kama sauti inakutetemeka.

Kazungu yuko jela. Wazee wa ukoo wanakuja kwangu kumwombea Salim radhi, eti ni damu yangu. Kazungu nimemsamehe. Salim, la! Wala msiniombe.