Uso wa Mama Tumainieli

Kila siku baada ya shule, Ernesta alipanda kilima cha Mamba hadi karakana ya Fundi Aminieli. Huko picha zilichongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa wino, kisha karatasi ikalazwa juu yake na kusuguliwa kwa mgongo wa mwiko mpaka picha ikatoka. Kazi ya Ernesta ilikuwa kufagia na kuosha rola ya wino. Ulikuwa mwaka 1974, na karatasi laini za kuchapia zilikuwa adimu. Zilizoletwa kwa treni hadi Same zilikuwa zimebaki nne tu.

Masika yale fundi alimzika mkewe, ambaye hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Basi kwa miezi miwili alichonga uso wake kwa kumbukumbu, ili mtoto wao Tumainieli, mwenye miaka mitatu, asikue bila kumjua mama. Karatasi moja ilikuwa ya mtoto, na tatu za dada za marehemu kule Kisiwani.

Siku moja fundi akiwa kwenye mkutano wa kijiji, Priska, aliyeketi dawati moja na Ernesta, alichungulia mlangoni akamcheka.

"Fundi wa ufagio," alisema. "Patasi si umekatazwa?"

Ernesta aliishika patasi. Alitaka kuchonga mstari mmoja tu, kwenye nywele za ule uso wa marehemu. Patasi iliteleza ikang'oa ukope wa jicho la kushoto. Priska alikimbia. Ernesta alichanganya nta na masizi, akaziba pengo, akalainisha kwa kidole mpaka pakafanana na ubao.

Jumamosi asubuhi fundi alipaka wino, akalaza karatasi ya kwanza, akasugua polepole. Alipoifunua, jicho lile lilikuwa doa jeusi. Alidhani wino ni mzito, akauzimua. Karatasi ya pili ikatoka vilevile. Akaosha rola mwenyewe. Ya tatu ikawa mbaya kuliko zote. Ernesta aliendelea kufagia.

Fundi aliketi chini. Tumainieli alikuwa akichezea vumbi la mbao miguuni pake.

"Labda nimeshamsahau," alisema taratibu. "Miezi mitatu tu, na macho yake yamenitoka."

Maneno hayo Ernesta hakuyaweza.

"Hujamsahau, Fundi. Ni mimi. Patasi iliniteleza, nikaziba kwa nta."

Fundi aliinuka. Kisha akachukua kijiti, akaikwangua nta yote. Alichimba mahali palipoumia, akapachika kipande cha mti uleule kwa gundi, akakiacha kikauke hadi Jumatatu. Akachonga ukope upya. Karatasi ya nne ilitoka safi. Tumainieli aligusa shavu la mama yake, akabaki na wino kidoleni.

Dada za marehemu walipokuja, Ernesta aliwaamkia, akawaeleza mwenyewe kwa nini wangerudi mikono mitupu. Mdogo wao alilia.

Walipoondoka, fundi alimwita.

"Patasi huniteleza hata mimi," alisema. "Ungeniambia siku ileile, ningepachika kipande, na leo kila mmoja angekuwa na picha yake. Kuteleza kwako kuliharibu ukope mmoja, mwanangu. Karatasi tatu ziliharibiwa na kule kuficha."