Kisigino cha Mama Imakulata

Recheli alikuwa barazani akibangua karanga za mbegu. Macho yake yalimfuata mama mkwe wake, Imakulata, aliyekuwa akichechemea kwenda jikoni. Kisigino kilikuwa kimevimba kama kiazi. Miezi miwili sasa.

"Shikamoo mama. Umelalaje?"

"Marahaba. Mguu ndio umelala, mimi nimekesha."

Alois, mume wa Recheli, alikuwa na jibu lake. "Mama amekanyaga dawa. Kuna mtu ametutegea njia ya shambani. Kesho namleta mganga amchanje."

Recheli aliendelea kubangua karanga. Miaka mitatu nyuma, yeye ndiye aliyemuuguza mama huyu alipotolewa kizazi kwa saratani. Mama alimwapisha: watu wote, hata Alois, waambiwe ni uvimbe tu. Tena mkwe gani atataja kizazi cha mama mkwe wake?

Mchana, Alois akiwa bado nyumbani, akapita Advera, mhudumu wa afya wa kijiji. Aliinama akautazama mguu.

"Ulijikwaa, mama?"

"Hapana."

"Umewahi kuugua ugonjwa mkubwa?"

"Mimi? Malaria tu."

Recheli aliweka karanga chini. Kesho wembe ungepita pale kisiginoni.

"Alitolewa kizazi," alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa saratani."

"We mkwe! Unanivua nguo mbele za watu?" Imakulata alifoka. "Na hicho kizazi kilishatolewa. Saratani itakaa wapi, kisiginoni?"

"Inaweza, mama," alisema Advera. "Mbegu zake husafiri kwenye damu. Huenda zilishatoka kwenye kizazi kabla ya operesheni. Mara nyingi hufikia mapafu au ini. Mguuni ni nadra sana, ndiyo maana watu hudhani ni kitu kingine. Sisemi ni hiyo. Nasema tukapime. Msichanje, msikande. Na mbebe karatasi za operesheni."

Alois aliingia ndani kuzitafuta.

Mjini Tabora walipigwa picha, wakapewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Huko kipande cha nyama kilitolewa kisiginoni, kikapimwa. Saratani ya kizazi ilikuwa imefika kwenye mfupa wa kisigino. Daktari hakuwaahidi kupona kabisa. Aliwaambia mionzi na dawa vitapunguza maumivu na kuzuia ugonjwa usienee haraka.

Baada ya mionzi, Imakulata alianza kulala usiku. Siku ya kliniki, nesi mgeni alipofungua faili, mama hakungoja kuulizwa.

"Nilitolewa kizazi kwa saratani. Ikashukia kisigino. Andika yote." Akamgeukia Recheli. "Mkwe wangu, kuna nilichosahau?"

"Kikohozi, mama," alisema Recheli. "Kimeanza juzi."

Nesi akaandika.