Shika Wewe

Kiti cha cherehani kilikuwa na joto. Fundi alitoka kununua uzi, akakaa huko saa nzima kwenye jua kali, na aliporudi akakikuta kiti chake kimeondolewa kwenye cherehani na kuwekwa kulia kwa mumewe, mbele ya kompyuta. Akajitupa juu yake, akainuka palepale. Joto lile lilikuwa la mtu aliyekaa muda mrefu na kuondoka sasa hivi. Akauliza nani alikuja. Mumewe akamjibu hakuja mtu, kiti alikivuta yeye ili ajione kama yuko kazini na mwenzake. Fundi akakirudisha kiti mahali pake. Alikuwa na sare arobaini za shule za kushona, na nyayo zilikuwa zinawaka moto.

Mumewe alikuwa rubani kweli, si wa kompyuta. Kapteni, kama Fundi alivyomwita tangu uchumba, alirusha abiria miaka kumi na minane mpaka presha ikampanda, na daktari akamkalisha nyumbani miezi saba. Sasa daktari alikuwa amemruhusu, lakini kabla ya kurudi kazini alitakiwa kufanya mtihani, Jumatatu ya wiki iliyofuata. Akifeli, kwa umri ule, ndiyo basi tena. Kwa hiyo aliazima kompyuta yenye programu ya kurusha ndege, akabana usukani wa plastiki mezani, akavaa spika za masikioni, akawa anapaa na kutua kutwa nzima bila kutoka sebuleni. Waume wa wenzake husafiri wakarudi na zawadi. Wa kwake alikuwa akisafiri na kurudi na njaa.

Marubani wana utaratibu wao. Ndege kubwa huendeshwa na wawili, na usukani haupokezanwi kimyakimya. Anayeuacha husema "Shika wewe." Anayeupokea hujibu "Nimeshika," na mpaka jibu lisikike hakuna anayeondoa mkono. Kapteni alikuwa amemsimulia mkewe jambo hilo mpaka limemtoka puani. Tatizo ni kwamba sebuleni hakuwa na mwenzake, na mdomo ulishazoea. Kila alipotaka kupekua makaratasi yake au kupikicha macho, alikiambia kiti kitupu, "Shika wewe."

Siku ya tatu ikaja harufu ya mafuta ya taa, katika nyumba ambayo miaka na miaka walipikia gesi. Kapteni alinusa akatabasamu, akasema ndiyo harufu ya uwanja wa ndege, ni akili yake tu inamkumbusha kazi. Fundi akamuuliza akili yake imeingiaje kwenye pua za watu wengine. Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, kisha kila mmoja akarudi kwenye mashine yake.

Alhamisi alasiri Fundi alikwenda jikoni kuchemsha maji, na aliporudi na vikombe viwili mkononi akamkuta mumewe amelala fofofo, kidevu kifuani, mikono yote miwili juu ya mapaja, na kiti cha cherehani, alichokuwa amekiacha mwenyewe kule kwenye cherehani, kimesogea tena kulia kwake, na usukani wa plastiki unazunguka taratibu, kushoto kidogo, kulia kidogo, na kwenye kioo cha kompyuta ndege inashuka, inanyooka, inagusa ardhi kwa upole ambao Kapteni mwenyewe hakuupata wiki nzima. Harufu ya mafuta ikajaa sebuleni. Kapteni, bila kufumbua macho, akanong'ona, "Shika wewe," na kutoka kwenye kiti kile kitupu sauti ya chini, ya adabu, ikajibu:

"Nimeshika."

Vikombe vikamponyoka. Mumewe alipozinduka hakuonyesha hofu hata kidogo. Alisema hajapumzika hivyo kwa miezi. Hapo ndipo Fundi alipoogopa hasa, akampigia simu shangazi yake.

Shangazi alikuwa akitoa majini kwenye nyumba za watu tangu Fundi hajazaliwa, na siku hizi magoti yalimsumbua kuliko majini. Alifika Jumamosi asubuhi na mkoba wake, akakitazama kiti, akaketi mbali nacho. Alisikiliza habari yote, kisha akasema huyu hakuvamia. Alipewa kazi kwa mdomo, akaipokea kwa mdomo, na kwa mdomo lazima airudishe.

Akasoma aliyoyajua, kwa muda mrefu, jasho likimtiririka. Kisha akamwashiria Kapteni, naye akakiambia kiti, "Nashika mimi." Akarudia. Mara ya tatu kiti kikarushwa ukutani, dirisha likafunguka lenyewe, na harufu ikakatika.

"Amesema?" Shangazi akauliza.

"Ametoka, Shangazi. Si umekiona kiti?"

"Kiti nimekiona. Nauliza kama amesema 'Shika wewe'. Huko kwenu angani, mwenzako akinyamaza, ndiyo amekuachia?"

Mtihani ulikuwa keshokutwa, macho ya Kapteni yalikuwa mekundu, na hakuwa na nguvu ya kuanza upya.

"Amesema," akajibu. "Nimemsikia kwenye spika za masikioni."

Spika zilikuwa juu ya meza. Fundi aliziona. Lakini naye alikuwa amechoka, Mungu amsamehe, akainama kuokota vipande vya uzi.

Kapteni alifaulu mtihani. Kompyuta ikarudishwa kwa mwenyewe, kiti kikaegemezwa ukutani, na Fundi akawa anashonea juu ya stuli. Wiki mbili zikapita shwari. Asubuhi ya safari yake ya kwanza Kapteni alimpigia mkewe akiwa uwanjani. Alisema ana abiria sabini na wawili, usingizi hakuupata vizuri, ila rubani msaidizi ni kijana hodari, wakishapaa tu atamwachia usukani apumzike. Fundi akamwombea heri.

Saa nne na nusu alikuwa anapindisha kola ya sare ya mwisho. Harufu ya mafuta ya taa ikapita puani mwake. Akasimamisha mguu, cherehani ikanyamaza, na kutoka ukutani nyuma yake akasikia ile sauti ya chini, ya adabu:

"Nimeshika."

Akampigia Kapteni. Simu ilikuwa imezimwa, kama inavyotakiwa angani. Akapiga tena, na tena, macho yake yakiwa kwenye kiti, ambacho kilikuwa kimeanza kuinama taratibu upande wa kushoto, kama mtu anayekata kona.