Maji ya Mawe na Mkono wa Glodie

Kila asubuhi Glodie huchota maji, hufagia ua na kuosha sufuria ya bukari, ule ugali wa jioni, kabla ya kwenda shule. Asubuhi hiyo aliigonga sufuria mpaka jirani akachungulia.

"Sufuria imekukosea nini?" aliuliza rafiki yake Plamedie, aliyempitia waende pamoja. "Ngoja nikuchekeshe. Kitendawili."

"Tega," Glodie akajibu amenuna.

"Anaingia kwa tundu dogo, hatoki tena, na analinda nyumba yote."

"Chanjo. Na miye sichanjwi. Mama amekataa."

Siku hiyo wasichana wa darasa lao walikuwa waende kituo cha afya kuchanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Ugonjwa huo ndio uliomuua Angèle, dada mkubwa wa mama yake Glodie. Glodie ndiye aliyekuwa akimbadilishia shuka, na harufu ya chumba kile haikuwa imemtoka puani.

Mama yake, Germaine, alitoka ndani akifunga kitambaa kichwani. "Nimekwisha kusema. Yaya Angèle, dada yangu, alisafisha mawe ya shaba kule mgodini Kamatanda, maji mpaka kiunoni. Maji yale ndiyo yalimuharibu tumbo. Weye unasafisha mawe? Husafishi. Basi, sindano ya nini?"

"Mama Cathy wa sokoni hakugusa jiwe hata siku moja, na ugonjwa ni ule ule," Glodie alisema kwa hasira. "Nani alikwambia ni maji?"

"Kila muntu."

"Daktari alisema?"

Swali hilo lilimchoma Germaine. Akamshika binti yake mkono, wakateremka mpaka kituoni, Plamedie akiwafuata nyuma.

Daktari Nicolas alikuwa akiwapanga wasichana kwenye benchi.

"Dokta," Germaine alianza hata kabla ya salamu, "dada yangu alikufia humu. Nilikuuliza ugonjwa unatoka wapi, ukaniambia, 'Mama, hutaelewa.' Leo unataka mkono wa mutoto wangu?"

Daktari akavua miwani. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Pale mlangoni."

"Basi nilikosa, mama. Keti, tuongee."

Akaeleza polepole. Maji ya migodi yana madhara yake, lakini saratani ile huletwa na kirusi. Watu huambukizana wanapokutana kimwili, nacho hukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Ndiyo maana chanjo hutangulia, msichana akiwa bado mdogo.

"Itamufunga uzazi?"

"Hapana. Mkono utamuuma, labda na homa kidogo."

"Na yaya wangu?"

"Angepimwa mapema, pengine tungemtibu."

Germaine aliuma midomo. "Na sisi tulikuwa tunatukana maji."

Kisha akaukunja mwenyewe mkono wa nguo ya Glodie. Sindano ilipotoka alisema, bado amekunja uso, "Jumatano akina mama wa kanisa wanakutana. Utakuja kuwaeleza haya yote, dokta. Na usije mbiombio."

"Nitakuja, mama. Na wewe pia utapimwa."

Nje, akamgeukia binti yake. "Ulinikasirikia."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa na haki. Sikiliza, Glodie. Kazi ya mzazi ni kuuliza mpaka aelewe. Kazi ya daktari ni kujibu, hata akiulizwa kwa ukali. Yeye alininyima jibu, miye nikaacha kuuliza. Tuliokosa tulikuwa wawili, na aliyezikwa ni yaya wangu."