Chuma na Kipimo cha Pumzi

Kila siku akitoka shule, Chuma alibadilisha sare, akala, kisha akaingia karakana ya baba yake kujaza sufi kwenye mito. Jina hilo la utani alipewa na baba mwenyewe, kwa kuwa binti huyo hakujua kulalamika. Shangazi yake alishona foronya kando ya dirisha. Yeye na Chuma wote wawili walikuwa na pumu, lakini vumbi la sufi likianza kupeperuka tu, shangazi huyo nje, mkono kifuani, dawa yake ya kuvuta mkononi.

"Shangazi naye kwa kudeka!" Chuma alimtania. "Mimi nina pumu hiyohiyo, na wala siisikii."

"Wewe chuma, mwenzio bati," shangazi alijibu, akacheka.

Jumamosi moja kazi ilikuwa nyingi. Shangazi aliporudi kutoka kupunga hewa, alimkuta Chuma akisimulia vituko vya darasani. Alisema maneno mawili, akanyamaza. Akasema mengine mawili, akanyamaza tena. Mabega yalipanda na kushuka, na ngozi ya shingo ilibonyea kila alipovuta pumzi.

"Mwanangu, umebanwa!"

"Mimi... mzima. Sisikii... kitu."

Hakuwa akidanganya, na hilo ndilo lililomtisha shangazi. Alimwita kaka yake, wakamkimbiza mtoto zahanati ya jirani.

Muuguzi alimpa bomba dogo lenye alama inayosogea, akamwambia apulize kwa nguvu zake zote. Alama ilisogea kidogo tu, ikagoma. Shangazi naye alipopuliza, alikaribia kabisa kiwango cha mtu mzima wa kimo chake.

Baba alishika kichwa. "Kumbe niliyekuwa nikimsifu ndiye aliyezidiwa!"

"Njia za hewa zikibana, mwingine husikia mapema," muuguzi alieleza huku akimvutisha Chuma dawa. "Mwingine mwili wake umeshazoea, hasikii mpaka mambo yameharibika. Huyu asiamini kifua chake peke yake. Apulize kipimo kila asubuhi, atumie dawa kama nitakavyomwelekeza, na sufi asiiguse tena."

Baada ya muda Chuma alivuta pumzi ndefu, akashangaa. "Kumbe hewa ndiyo hii?" Machozi yalimtoka. Alikuwa amesahau.

Wiki chache baadaye, siku ya mbio za shule, Chuma aliamka mwepesi, viatu tayari miguuni. Alipuliza kipimo. Alama ilisimama chini. Alipuliza tena, ikasimama palepale. Hakuna aliyekuwa akimtazama, na kifua kilimwambia yuko salama. Alivua viatu, roho ikimuuma.

"Shangazi," aliita, "leo nimeshuka."

Shangazi aliacha cherehani, akamletea dawa, akaketi naye kizingitini.

"Wahenga walimwonya anayeficha maradhi," alisema. "Wewe hukuyaficha, mwanangu, yenyewe yalijificha usiyasikie. Ndiyo maana twapima, na kipimo kikisema, tunasema. Mbio zitakuja nyingine."

Chuma aliegemea bega lake. "Basi nami leo ni bati."

"Karibu," shangazi alisema, akamsogezea nafasi.