Turubai Lililokataa Kunyooka

Jamani majirani, leo msiniulize nani kaolewa na nani kahama. Kaeni niwape ya nyumba ya Baba Pacha na Mama Pacha, wachapaji wa mabango pale kona.

Ilikuwa nyumba ya kicheko. Mbele duka, nyuma chumba, na katikati ile printa yao kubwa, ndefu kama kitanda cha watu watatu. Asubuhi walishika turubai la kuchapia, mume ncha hii, mke ncha ile, wakilipitisha mashineni huku wakitaniana. Mabango yalitoka yamenyooka mpaka mpita njia anasimama kuangalia.

Siku moja bango la mteja likatoka lina mikwaruzo ya wino. Duka limejaa watu, Baba Pacha akafoka: "Mikono gani hiyo, mke wangu? Hata kushika tu huwezi?"

Mama Pacha akaiachia ncha yake. Akanuna. Na mume naye, badala ya kuomba radhi, akanuna kwa sababu amenuniwa.

Tangu hapo maneno yakawa yanapitia kwa mapacha wao.

"Mwambieni baba yenu chakula kipo mezani."

"Mwambieni mama yenu nimeshakiona."

Na wote wamo chumba kimoja! Mnacheka? Ngojeni.

Kila mmoja akawa anafunga turubai mashineni peke yake. Sasa kitu kipana vile, ukivuta upande huu, upande wa pili unapinda. Likiingia limepinda, linajikunja katikati, linainuka, na kichwa cha kuchapia kinapita juu yake kikilikwaruza. Mume akadhani joto la kukaushia wino ni dogo, akapandisha moto wa mashine. Akitoka, mke anaona turubai linalegea kwa moto, anaushusha. Mume akirudi, anapandisha tena. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Mabango yakaharibika, wateja wakahamia kwingine, kila mmoja akisema moyoni kwamba mwenzake ndiye nuksi. Mwishowe Mama Pacha akafunga begi arudi kwao.

Asubuhi ileile akaingia wifi mtu, dada mkubwa wa mume, mwenye saluni, mwanamke asiyejua kunong'ona. Alifuata bango lake. Akalikuta limechafuka, begi liko mlangoni, na mapacha wamelikumbatia wanalia.

"Ni nini hiki?"

"Dada, sijui. Moto nimepandisha tangu juzi, bado linajikunja."

Mama Pacha akaropoka: "Kumbe ni wewe! Mimi kila saa naushusha!"

Wifi mtu akawatazama mmoja mmoja. "Haya. Na ncha ya pili huwa anawashikia nani? Jini?"

Wakaangaliana, mara ya kwanza tangu wanuniane.

"Basi mashine ni nzima, wagonjwa ni nyie. Wifi, weka begi, shika huko. Wewe mdogo wangu, shika huku. Sitoki hapa na bango la kunitia aibu!"

Wakarudisha moto mahali pake, wakalifunga turubai upya. Na kazi hiyo, ndugu zangu, haifanyiki na mtu usiyesema naye.

"Vuta kwako kidogo," mume akasema.

"Umezidisha. Legeza."

"Hapo?"

"Hapo hapo. Bana."

Likatembea limelala kama shuka iliyopigwa pasi.

Baba Pacha akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe yale maneno."

"Uliyasema duka limejaa."

Mwanamume akaelewa. Akatoka barazani, akatuita majirani tuliokuwepo siku ile: kinyozi, muuza viatu, na mimi niliyekuwa tayari dirishani. "Jamani, mke wangu nilimfokea mbele yenu. Nilikosea mimi."

"Sema tena, huku nyuma hatujasikia!" kinyozi akapiga kelele. Akasema tena. Hata Mama Pacha akacheka, na mapacha wakalibeba begi kurudi chumbani, kila mmoja kashika mkanda wake.

FUNZO

Kununiana huanza na neno moja baya, kisha hula kazi, wateja na usingizi wa watoto. Watoto si matarishi wa ugomvi wenu. Kitu kikiharibika nyumbani, kabla ya kumtafuta mkosaji, ambianeni kwanza kila mmoja amegusa nini. Ukimwaibisha mwenzako hadharani, msafishe hadharani. Na kama kwenu kuna aliyenuna leo, anza wewe kumwambia neno, hata liwe la kazi tu.